Ukurasa wa Tatu

12 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza ubishi. Sisi huku tunajikongoja. Baba anakula, analala, anagombana na televisheni. Binti wa marehemu dada yangu tumebaki naye hapa tangu mazishi. Ametimiza miaka kumi na mitano wiki iliyopita, urefu wake unakaribia kugonga mlango na mdomo wake ni ule ule wa mama yake. Mimi bado niko kiwandani kwa wachapaji, nafunga vitabu. Hata nikioga mara mbili bado nanuka gundi, kwa hiyo lile jina la Gundi ulilonibandika utotoni halibanduki leo.

Sasa lililonikalisha niandike. Dada alifariki mwezi wa nane na wewe hukuja. Sikuandikii kukulaumu, ingawa nikisema moyoni sina lawama nitakuwa mwongo. Aliondoka na saratani ya titi, miaka thelathini na sita tu. Daktari wake akanivuta kando akasema kwa kuwa amekufa na umri ule, mimi mdogo wake nisikae kimya, niende nikaonane na mshauri wa mambo ya vinasaba, wale wanaowasaidia watu kuamua kama wapime magonjwa ya kurithi au wasipime.

Nikaenda. Chumba kina viti viwili, meza, na boksi la karatasi laini za kufutia machozi lililosogezwa upande wangu. Nilikasirika kabla sijaketi. Nani kawaambia nitalia? Mshauri mwenyewe ni mama mmoja mpole, mwenye kalamu mbili. Akachora ukoo wetu, wanawake duara, wanaume pembe nne. Upande wa mama tukaumaliza upesi, wote walikufa wazee. Akauliza upande wa baba. Nikamwambia, "Huko ruka tu. Titi ni mambo ya kwa mama." Akaweka kalamu chini.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Kila mtu."

"Basi kila mtu kakosea. Baba anarithisha sawasawa na mama, na yeye mwenyewe anaweza asiumwe hata siku moja."

Nikamuuliza, haya, nipime au nisipime? Unajua alijibu nini? "Ukipata jibu la ndiyo, kesho yake asubuhi utafanya nini? Na ukipata la hapana?" Nimekwenda kuuliza, naulizwa mimi! Kama ndiyo hivyo ningebaki nyumbani nijihoji kwenye kioo.

Ila jambo moja alilisema wazi. Kipimo kinakuwa na maana zaidi akianza ndugu aliyeugua, ili wajue wanatafuta kasoro gani. Dada tumeshamzika. Kwa hiyo nakuuliza wewe: Bibi aliumwa nini? Baba anasema uzee. Shangazi, uzee wa miaka arobaini na minne? Na ule upasuaji wako mdogo ulikuwa wa nini?

Nijibu upesi, nakuomba.

Binti wa kaka yako,
Gundi

3 Machi

Kwa Gundi,

Marahaba. Goti liko vile vile. Nyumba nzima, bomba la jikoni limetengenezwa na limeharibika tena, na kijana wangu anakusalimu.

Barua yako nimeikalia wiki sita, na sikuikalia kwa uvivu. Kaka yangu alinipigia simu wiki tatu baada ya mazishi. Wiki tatu! Akaniambia mtoto wetu kafa kwa kifua. Leo wewe unaniandikia titi. Nililia siku ile niliyoisoma, kisha nikakasirika, na hasira yenyewe bado imekaa.

Unaniuliza maswali ambayo niliwajibu Februari ya mwaka juzi. Niliandika kila kitu, kwa herufi kubwa, mbele ya watu watatu wazima mnaokula meza moja. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyeuliza, "Shangazi, umeamkaje?" Baba yako alinijibu kwa kunielezea mabati ya paa lake. Nikasema sawa, wameamua kunitia kapuni, na mimi nina moyo wangu. Sasa mmoja yuko kaburini ndipo mwenzake anakuja kuniuliza upya, kana kwamba sikuwahi kufungua mdomo.

Nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja. Ushahidi uleule hauletwi mara mbili kwa sababu upande wa pili haukupenda kuusikia mara ya kwanza.

Usinipigie simu. Neno la simu halina mhuri.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na leo salamu zitakuwa fupi. Wote wazima.

Ulitujibu lini? Wapi? Mimi ninayeandika hapa nilikuwepo mezani! Unamjua kaka yako na barua zako. Tangu tukiwa wadogo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa kabla yake. Anafuta mikono, anavaa miwani, anasimama, anatusomea kwa sauti kama mtangazaji, ndiyo maana tukamwita Redio. Ile ya Februari naikumbuka vizuri. Ulitusalimu, ukasimulia jirani yako aliyejenga ukuta ukaegemea upande wake mwenyewe, dada akacheka mpaka akapaliwa. Ukasema umefanyiwa upasuaji. Baba akaongeza, "Mdogo tu, anaendelea vizuri." Halafu zikaja salamu za mwisho. Neno saratani sikulisikia. Ningelisikia, shangazi! Neno lile hata likinong'onwa chumba cha pili linasikika.

Unasema tulikutia kapuni. Sisi ndio tulioona umetutupa. Barua zako zilipokatika dada alisema, "Shangazi kapata marafiki wenye heshima, wafunga vitabu na washonaji hatumfai tena." Akacheka, lakini ilimuuma. Alikufa ikimuuma. Na juu ya jeneza lake nilitafuta uso wako.

Hivi sasa nina miaka thelathini na minne, na kila nikioga najipekua kama askari anayepekua mkoba. Napata kitu, nakibonyeza tena na tena, kumbe ni mbavu. Nikitoka naambiwa nimekaa sana bafuni. Kama unajua lolote, liseme. Kama hutaki, sema hutaki, nijue sina shangazi.

Gundi

2 Aprili

Mwanangu,

Barua iliyopita sikukuita mwanangu. Leo nakuita. Amka na afya.

Nimeisoma yako mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama katikati ya chumba. Wewe unanijua: sijawahi kuandika barua bila karatasi ya kaboni chini yake. Watu wa ofisini walinicheka, wanangu mlinicheka. Nimefungua faili la mwaka juzi. Barua yangu ya Februari ilikuwa na kurasa nne, kila mmoja una namba yake juu kulia. Nakutumia nakala ya ule wa tatu. Kaa chini ndipo usome.

Wewe kazi yako ni kuhesabu kurasa. Nenda kahesabu.

Shangazi yako

*(3)*

*Hapa, kaka, soma polepole, na wasichana acheni kula. Upasuaji ule haukuwa mdogo. Wamenitoa titi la kushoto. Ni saratani. Mama yetu alikufa nayo hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyefua vitambaa vyake, na tulifundishwa tuseme ni kidonda. Sitaki kufa nikiwa nasema kidonda.*

*Wamenipima damu wakakuta kasoro kwenye kinasaba, ya kurithi. Mshauri amenieleza hivi. Kaka, wewe na mimi tumezaliwa tumbo moja, kwa hiyo inawezekana nawe unayo, nusu kwa nusu. Kama unayo, basi kila mwanao naye alikuwa na nusu kwa nusu ya kuipata kutoka kwako. Kuwa nayo si kuumwa, lakini hatari ni kubwa kuliko ya watu wengine, na inakuja mapema. Wasichana wasingoje uvimbe. Waende wakachunguzwe. Wakitaka kupima damu wapime. Wakikataa ni haki yao, lakini wakatae wakiwa wanajua.*

*Mkiogopa njooni kwangu, mimi nimeshaogopa vya kutosha kwa niaba ya wote.*

21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole. Pole ya miaka miwili, naileta yote kwa mpigo. Pole kwa titi lako, pole kwa vitambaa vya Bibi, pole kwa kungoja watu ambao hawakuwa na habari.

Nimehesabu. Barua zako Baba anazihifadhi kwenye mkoba wa vyeti, pamoja na hati ya nyumba na kadi za chanjo tulizochanjwa utotoni. Ile ya Februari ina ukurasa wa kwanza, wa pili, wa nne. Kiwandani kitabu kikitoka hivyo naitwa ofisini. Nyumbani kwangu nilikisikiliza kitabu pungufu huku nikitafuna, nikaitikia "ahsante Baba".

Wa tatu nao nimeupata. Hakuuchana. Umekunjwa mara nyingi mpaka ukawa mdogo wa kutosha kuingia kwenye jalada la kitambulisho chake.

Alikuwa sebuleni. Nikazima televisheni, nikaufungua mbele yake.

"Hiki nini?"

Akatazama pembeni. "Hizo karatasi za watu wazima."

"Dada alikuwa na miaka thelathini na mitano! Alikuwa mtoto mpaka lini?"

"Mlikuwa mnakula. Mlikuwa mnacheka."

"Na kesho yake? Na wiki iliyofuata? Tulicheka mwaka mzima?"

Mwishowe akasema, na hili naliandika kama alivyolisema: "Imeandikwa pale kwamba mimi ndiye niliyewapa. Nimewalisha, nimewasomesha, halafu nisimame mezani nitamke kwamba nimewapa na kifo? Ulimi uligoma. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho nikaona bado mko wazima. Nikasema labda haipo."

Ningemhurumia, shangazi. Kidogo ningemhurumia. Lakini dada alipapasa uvimbe Septemba ya mwaka ule ule, miezi saba baada ya barua yako. Akadhani ni msuli kwa sababu ya kushona siku nzima kainama. Alijichua mafuta ya moto pale pale sebuleni, Baba akiwa amekaa kwenye kiti kile kile, akimwona. Miezi minne! Mpaka Januari. Mwanamume mzima ana karatasi mfukoni inayosema usingoje uvimbe, na mwanawe yuko mbele yake anauchua uvimbe. Hata hapo akawaza kesho.

Nilimuuliza mshauri kama dada angepona. Akakataa kunidanganya. "Hatuwezi kujua," alisema. "Ninachojua ni kwamba angekuwa na nafasi ya kuamua." Safari hii boksi la karatasi nililimaliza.

Sisemi na Baba. Namwekea chakula, naondoka. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu kaficha yeye, kifo kikaenda kumchukua mwingine.

Mshauri anasema nikipata majibu yako ya maabara, yenye jina la ile kasoro, watatafuta hiyo hiyo kwenye damu yangu na jibu litakuwa ndiyo au hapana isiyo na labda. Bila hayo, hata nikiambiwa hapana itakuwa hapana ya kubahatisha. Nitumie. Na niambie ukweli: nipime?

Gundi

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huku hali ni nzuri, bomba limepona, na mwezi uliopita nimekaguliwa na hawakuona kitu. Kijana wangu naye alipima zamani. Hana.

Majibu ya maabara haya hapa, nimeyapiga mhuri wa wakili asije mtu akasema ni karatasi ya kuokota.

Kwanza nimalizane na mambo ya kaka. Sina maneno laini. Mtu aliyepewa barua ya watu watatu akaifanya ya kwake peke yake ameiba. Mahakamani niliona watu wakifungwa kwa kuzuia hati ndogo kuliko ile. Nimemwandikia na kumwambia hivyo hivyo, na nimemwambia barua yangu nyingine yoyote itakuwa na jina la kila mtu kwenye bahasha yake mwenyewe.

Lakini kuna la kwangu, na nimelikwepa barua mbili. Nilipokosa jibu, nilifanya nini? Nilifunga faili. Nilikuwa na simu mkononi, nilikuwa na miguu, hata kama goti moja ni bovu. Ningeuliza mara moja tu, "Gundi, mlisoma?" Sikuuliza, kwa sababu nilitaka mnifuate. Kiburi changu kiliketi miezi ile ile ambayo dada yako alikuwa anajichua mafuta. Hili halina wa kunitetea, na wewe usijaribu.

Kuhusu kupima, sitakuamulia. Nitakueleza nilivyopita. Wiki tatu za kungoja majibu nilikuwa mchungu, sionjeki. Jibu lilipokuja nilichukia watu: niliwachukia waliokufa bila kuujua mzigo huu, nikawachukia wenye afya kwenye foleni ya mkate. Baadaye ikawa kazi kama kazi nyingine. Nina tarehe za kukaguliwa, nina daktari anayenijua. Wapo wanaokatwa kabla ya kuumwa, wapo wanaokaguliwa tu kila mwaka, wapo wanaosema sitaki kujua, na sikuona mjinga kati yao. Yule mshauri wako anakuudhi kwa maswali yake. Mjibu. Andika majibu kwenye karatasi, uone kama unaweza kuishi nayo yote mawili.

Chochote utakachopata, niandikie siku hiyo hiyo. Usingoje mkono utulie.

Shangazi yako

26 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mkono haujatulia, kama ulivyoagiza.

Nilimjibu mshauri. Niliandika: nikiwa nayo, kesho yake asubuhi nitaweka tarehe ya kukaguliwa, nitakuja kwako nikalie siku mbili, kisha nitarudi kazini. Nikiwa sina, nitamwambia binti wa dada ukweli wote. Akasoma, akasema, "Mbona huyo mtoto umemweka upande mmoja tu?" Nikaiona aibu yangu. Nilikuwa nimepanga kwamba nikiwa nayo nitamficha, asiogope. Shangazi, damu ya Redio ninayo hata kabla ya kupimwa! Nikakata mstari, nikaandika: nitamwambia vyovyote vile. Ndipo nikanyoosha mkono wachome sindano.

Majibu yametoka leo saa nne asubuhi. Sina.

Nimebaki na hatari ya kawaida, kama mwanamke yeyote. Mshauri alinipa mkono kwa utaratibu, bila kelele. Mimi nilidhani nitaruka. Nilikaa kwenye benchi la nje na hasira imenijaa mpaka masikioni. Tulikuwa wawili, nusu kwa nusu, na mimi niliyenusurika ndiye niliyefikiwa na ukurasa wa tatu. Nimekasirika na Baba, na wewe kidogo, na mimi mwenyewe niliyekuwa naitikia ahsante, na sijui nimkasirikie nani zaidi. Usiniambie nishukuru. Nitashukuru nikiwa tayari.

Nimerudi nyumbani mchana. Mtoto alikuwa ametoka shule, yuko jikoni anamenya viazi. Baba alikuwa mlangoni, amesikia lango. Sikumtoa. Nikavuta kiti, nikamweleza mtoto kila kitu: wewe, Bibi, mama yake, nilivyopimwa, kwamba mimi sina lakini mama yake bila shaka alikuwa nayo, kwa hiyo yeye ni nusu kwa nusu, kwamba akifika miaka kumi na minane ataamua mwenyewe kupima au kutopima, na hakuna atakayemlazimisha. Hakulia. Alisikiliza kisu kikiwa mkononi. Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja.

"Kuna mtu alijua mama akiwa mzima?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Mimi nilijua," akasema. "Niliandikiwa. Sikusema."

Mtoto alirudi kwenye kazi yake. Viazi viwili vilivyobaki akavimenya, akavitumbukiza kwenye maji, akafuta kisu. Nilitamani apige kelele, avunje sahani, mimi ningemsaidia. Baba akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Siku hiyo ikifika nitakupeleka mimi mwenyewe, mjukuu wangu."

"Hapana," akasema. "Atanipeleka mama mdogo. Wewe utakaa nje."

Halafu akamsogezea kiti pale mlangoni, akaendelea kupika.

Wako,
Gundi